Safari ya Robota Moja

Kaunta buku la mzee wa mizani lilikuwa la kwaya tatu, jalada limelainika pembeni kwa kushikwashikwa. Kila robota la mkonge lililopandishwa mizani aliliandika kwa peni ya bluu: namba, daraja, uzito. Kisha anachana kipande cha karatasi, anaandika yale yale, anampa kijana wa baiskeli akimbize stoo. Stoo nao wana daftari lao. Jioni karani wa ofisi anayahamishia kwenye Excel, na Ijumaa mhasibu anayaingiza kwenye mfumo wa hesabu, mstari kwa mstari. Robota moja la kilo 250 linaandikwa mara tano kabla halijapakiwa kwenda bandarini Tanga.

"Shikamoo mzee. Naomba nikae hapa nikuangalie unavyofanya kazi."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Wenzako waliokuja juma lililopita waliishia ofisini."

Nilikaa mpaka adhuhuri, na yale niliyoyaona siku ile ndiyo yaliyotupatia kazi yetu kubwa ya kwanza. Lakini nisingekwenda pale kama mwaka uliotangulia nisingekuwa nimeshindwa zabuni niliyoamini kabisa ni yangu.

Kampuni yetu ina watu wanne, ghorofa ya kwanza ya nyumba moja ya Ngamiani, juu ya duka la vipuri vya baiskeli. Kazi yetu ni kuunganisha mifumo. Serikalini wana neno zuri kwa jambo hili: wanasema mifumo isomane. Nalipenda neno hilo kwa sababu linasema kweli. Taasisi nyingi hapa Tanga hazina upungufu wa mifumo. Wana mfumo wa ankara, wana mfumo wa mishahara, wana mfumo wa stoo, kila mmoja umenunuliwa kwa wakati wake na kwa mtu wake, na kila mmoja ni bubu kwa mwenziwe. Anayewatafsiria ni karani mwenye peni.

Zabuni ile ya kwanza ilikuwa ya taasisi moja ya umma. Walitaka mfumo wao wa ankara usomane na wa uhasibu, na vyote viwili visomane na GePG, ule mfumo wa Serikali wa kukusanya malipo, ambao kila mwananchi anaujua kwa ile kontroo namba anayopewa akalipie benki au kwenye simu. Wakati huo zabuni bado zilipelekwa kwa bahasha. Tuliandika kurasa 84. Tukazichapa nakala tatu, tukazijalidi, tukagonga muhuri kila ukurasa, tukapeleka kabla ya saa nne asubuhi. Siku ya kufungua bei zilisomwa mbele yetu sote, na yetu ilikuwa ya chini kuliko zote. Nilirudi ofisini nikawaambia wenzangu waanze kupanga ratiba.

Tulianguka kwenye ufundi, na bei yetu ya chini haikutusaidia kitu.

Mzabuni aliyeshindwa ana haki ya kuelezwa sababu, na nawasihi wenzangu msiiache haki hiyo ipite hivi hivi. Niliandika barua, nikaitwa. Alinipokea mama mmoja wa kitengo cha ununuzi, mtu mzima, mpole, kabrasha letu liko mezani kwake limejaa vikaratasi vya njano.

"Mwanangu," akaniambia, "nimelisoma lote. Kurasa hamsini mmejieleza nyinyi. Vyeti vyenu, picha za ofisi, mlikosoma. Halafu mkatuandikia kwamba mtatumia teknolojia ya kisasa. Sasa niambie. Mwananchi amelipa saa tano usiku kwa simu. Pesa imekatwa. Ule ujumbe wa kusema amelipa haukufika kwenye mfumo wetu. Asubuhi anakuja dirishani anaambiwa bado anadaiwa. Hapo mtafanya nini? Nimetafuta ukurasa unaonijibu hilo, sikuuona."

Jibu nilikuwa nalo kichwani. Naujua mnyororo ule: mfumo wa taasisi unatuma ankara, unarudishiwa kontroo namba, mwananchi analipa, taarifa ya malipo inarudi kama ujumbe wa pekee, na mfumo wa taasisi unapaswa kujibu kwamba umeipokea. Ujumbe ukipotea njiani, kinachookoa ni ulinganishi wa kila siku, pale orodha ya malipo yote ya jana inapowekwa sambamba na orodha ya taasisi ili lililokosekana lionekane na kurekebishwa. Nilikuwa nimewahi kuiandika kazi hiyo kwa mikono yangu. Kwenye andiko sikuiweka. Niliona ni jambo dogo la mafundi, mkubwa gani atalijali? Kumbe yule mama ndiye aliyekuwa akisimama na wananchi dirishani kila asubuhi.

Siku ile nilitoka pale nikatembea mpaka Raskazone, nikakaa nikitazama bahari muda mrefu. Niliona aibu. Nilikuwa nimeandika juu ya mifumo kama vile haina watu.

Kazi ya kuunganisha mifumo yote imo kwenye maungio. Ndani ya mfumo mmoja mambo huwa yamekwisha kutulia, aliyeutengeneza ameshahangaika nao miaka. Matatizo yako pale taarifa inapotoka mkono mmoja kuingia mwingine. Nani anatuma, nani anapokea, kwa umbo gani, mara ngapi kwa siku, na taarifa isipofika nani anajua kwanza? Andiko la zabuni linalojibu maswali hayo kwa kila ungio, moja moja, bila kuruka, ndilo linalosomwa. Mengine yote wasomaji wa kamati wameshayasoma kwa wazabuni wengine sita asubuhi ile ile.

Basi mwenye shamba lile la mkonge alipotangaza kutafuta mtu wa kuunganisha mizani, stoo, uhasibu na mishahara, niliomba ruhusa ya kutembelea kabla ya kuandika hata sentensi moja. Kabrasha lao lilisema kwa kifupi tu kwamba "mizani iunganishwe na mfumo wa hesabu". Maneno hayo ukiyasoma ukiwa mjini yanaonekana kazi ya nusu siku.

Mizani yenyewe ilikuwa ya kidijitali, na nyuma ya kisanduku cha namba kulikuwa na tundu la pini tisa ambalo mzee alilifunika kwa plasta lisiingie vumbi la singa, zile nyuzi za mkonge. Nilimwomba, akabandua. Nikachomeka laptopu yangu kwa kebo ya RS-232, na mistari ikaanza kushuka kwenye kioo. Kila mstari ulianza na herufi mbili: ama US, ama ST. Robota linapotupwa juu ya mizani linatikisika, na kwa sekunde mbili tatu mizani inatoa uzito wa uongo, 243, 258, 251, mistari yote ikiwa na US, maana yake uzito haujatulia. Likitulia inakuja ST. Programu ikichukua mstari wowote uliotangulia kufika, shamba litakuwa na marobota mepesi kwenye hesabu na mazito kwenye meli. Nikaandika kwenye daftari langu: tupokee ST tu.

Halafu nikahesabu hatua kutoka mizani hadi ofisi. Hatua 210. Kebo ya RS-232 kwa kawaida haiaminiki ikipita mita 15 hivi, na kebo ya shaba ya mtandao inaishia mita 100. Kuchimba mtaro wa faiba kungekata njia ya matrekta yanayoleta majani kwenye korona, ile mashine ya kuchakata mkonge. Lakini juu ya paa la stoo na paa la ofisi palikuwa wazi, hakuna mti kati, kwa hiyo antena mbili za kutazamana zingetosha. Mzabuni aliyeishia ofisini hangeweza kulijua hilo, naye angeweka bei ya kebo ya mita 50.

Kulikuwa na jambo la tatu, na hili ndilo ninalolipenda zaidi. Stoo wanaandika daraja la mkonge kwa majina ya soko: 3L, UG na mengineyo. Kwenye mfumo wa hesabu daraja ni namba, na aliyezipanga namba hizo alishaacha kazi. Namba 04 ilikuwa inatumika kwa madaraja mawili tofauti, na mhasibu aliyatenganisha kwa kukumbuka tu ni mteja gani. Nilimuuliza, "Dada, ukienda likizo?" Akasema huwa anapigiwa simu.

Usiku ule niliandika ukurasa mmoja nikauita "Safari ya robota moja". Nilieleza robota linatoka kwenye brashi za kusafishia singa, linapandishwa mizani, linaandikwa wapi, na nani, mara ngapi, na pale ambapo uzito au daraja linaweza kugeuka njiani. Upande wa pili wa ukurasa nikaeleza safari hiyo hiyo baada ya mifumo kusomana. Uzito unaandikwa mara moja, na mizani yenyewe. Umeme ukikatika, mzee anarudi kwenye kaunta buku lake, na umeme ukirudi anaingiza yale ya daftari akiyawekea alama kwamba yametoka mkononi. Daftari hatukuliondoa. Tuliandika wazi kwamba ni sehemu ya mfumo.

Ukurasa ule tukauweka wa kwanza, kabla ya barua ya utangulizi, kabla ya jina letu. Mwenye shamba alitupigia simu siku ya nne. Wazabuni wawili walikuwa na bei chini yetu.

Natamani ningeishia hapo, lakini mradi ule ule ndio uliotutia hasara, na kosa lilikuwa sentensi yangu mwenyewe. Katika sehemu ya mishahara niliandika: "Tutahamisha data zote za zamani." Nilipoandika "zote" nilikuwa nafikiria faili moja. Zilikuwa faili 140 za Excel, miaka 11, kila karani na mtindo wake. Namba za simu zimeliwa sifuri ya mwanzo, kwa sababu Excel huiona namba ya simu kama hesabu na kuitupa sifuri. Tarehe kama 03/04 huwezi kujua ni Machi au Aprili. Mama mmoja wa palizi alikuwa Mwanaidi mwaka mmoja, Mwanaid mwaka uliofuata, na Mwana Idi pale alipokopeshwa, na mikopo yake imegawanyika katika watu watatu. Hatukuweza kumwachia kompyuta aamue. Ilibidi tukae na wasimamizi wa shamba, jina kwa jina. Miezi mitatu, vijana wawili, na mkataba wa bei isiyobadilika. Mwenye shamba hakuwa na kosa lolote. Tulimwahidi zote, akadai zote.

Tangu hapo, sehemu ninayoitumia muda mwingi kuliko zote kwenye andiko ni ile ya mipaka ya kazi. Naandika data za miaka mingapi, mistari takriban mingapi, nani anasafisha, nani anasaini kwamba zimesafishika. Naandika na yale yasiyokuwemo, kwa majina yake. Wengine huogopa, wanadhani ukimwambia mteja usichokifanya atakukimbia. Mimi sijawahi kukimbiwa kwa hilo. Nimewahi kuulizwa, tukakaa, tukapatana bei.

Na katika mipaka hiyo kuna mtu wa tatu ambaye zabuni nyingi zinamsahau: mwenye ule mfumo mwingine. Unaahidi kuunganisha A na B, lakini B ni mali ya kampuni nyingine, na maelezo ya API yake, ule mlango ambao mifumo mingine inapitia kubadilishana nao taarifa, wanayo wao. Tuliwahi kusubiri wiki tisa, kisha tukaletewa ankara ya kupewa maelezo hayo, pesa ambayo hatukuiweka kwenye bei. Sasa naandika hivi: mteja atatupatia maelezo ya mfumo B na mazingira ya majaribio ndani ya siku 14 za mwanzo, gharama ikiwapo ni ya mteja, na kila siku inayopita ratiba inasogea kwa siku hiyo hiyo. Ni mistari michache tu. Inamfanya mteja ampigie simu mwenye B kabla ya kusaini, na mara nyingine hapo ndipo inapogundulika kwamba B haina API yoyote.

Kuhusu nyaraka sitasema mengi. Siku hizi zabuni za umma zinapita NeST, ule mfumo wa Serikali wa ununuzi kwa mtandao, bahasha na mihuri vimekwisha, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ni ile ya mwaka 2023. Aliyekuwa amezoea utaratibu wa sheria ya 2011 asijiegemeze kwenye kumbukumbu, akaisome upya. Pakia mapema, siku mbili kabla, umeme upo na kichwa kimetulia. Tuliwahi kuondolewa kabla andiko halijasomwa kwa sababu dhamana ya zabuni ilitakiwa iwe hai siku 28 zaidi ya zabuni yenyewe, na tarehe iliyoandikwa ilipungua siku 3. Niliipokea benki, nikaona muhuri, nikaona kiasi, tarehe sikuihesabu. Sasa mtu mwingine ofisini, asiye mwandishi, ndiye anayehesabu tarehe zote kwa kalenda ya ukutani.

Jambo la wasifu wa wataalamu linaniuma zaidi. Kampuni moja kubwa kutoka nje ya mkoa ilitupigia, wanaomba wasifu wetu wanne tuingie nao kwenye zabuni kama watu wa Tanga. Tukafurahi, tukatuma. Wakashinda. Simu haikupigwa tena. Miezi baadaye nilikutana na kijana wao pale stendi ya Kange, akaniambia jina langu limo kwenye mkataba kama msimamizi wa mradi. Mteja yule alilipa akijua anapata mtu aliyepo Tanga, na mimi sikuwa najua hata mradi unaanza lini. Tangu siku hiyo wasifu hautoki ofisini kwetu bila makubaliano ya ubia yaliyosainiwa, yanayosema nani atafanya nini, kwa siku ngapi, kwa malipo gani. Na sisi hatuandiki jina la mtu kwenye zabuni yetu mpaka tumeongea naye, akasaini mwenyewe.

Kwa taasisi za umma kuna usomaji mwingine wa lazima: miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao. Serikali ina njia yake ya mifumo kubadilishana taarifa, na ukiandika kwamba utachora njia yako ya pembeni kati ya taasisi mbili, umeshajionyesha kwamba hukusoma. Vile vile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mifumo ikisomana, mshahara wa mtu uliokuwa unaonekana na watu wawili unaweza ghafla kuonekana na kumi. Kwenye kila ungio tunaandika nani ataona nini. Mkurugenzi mmoja aliniambia hakuwahi kujiuliza swali hilo mpaka alipoliona kwenye jedwali letu.

Na lugha. Makabrasha mengi yanakuja kwa Kiingereza na tunayajibu kwa Kiingereza inapotakiwa. Lakini mteja binafsi akituachia nafasi, tunaandika Kiswahili chote, na michoro yote ina maneno ya Kiswahili. Bodi za ushirika zina wazee ambao wanaijua biashara yao kuliko mshauri yeyote, na mchoro wanaousoma wenyewe wanaukosoa wenyewe. Mzee mmoja wa ushirika wa maziwa aliwahi kuweka kidole kwenye mshale wangu akasema, "Hapa umekosea, maziwa ya jioni hayaendi huku." Alikuwa na haki, na kosa lile tulilifuta kwa kalamu badala ya kulifuta kwa pesa.

Maziwa yamenirudia tena mwezi huu. Kuna chama cha wafugaji upande wa Muheza wanataka kituo cha kupokelea maziwa kisomane na malipo ya mwezi, mfugaji apate ujumbe wa simu mara tu dumu lake linapopimwa. Kabrasha lao ni kurasa 6, na andiko linatakiwa Ijumaa ijayo. Bado sijaandika kitu. Kesho saa kumi alfajiri naondoka hapa na pikipiki, maana maziwa yanapokelewa kabla jua halijachomoza. Nataka nisimame karibu na mama anayetumbukiza laktomita, kile kipimo cha kujua kama maziwa yametiwa maji, nione anaisoma akiwa na taa gani, na nimuulize dumu likikataliwa huwa analiandika wapi, au haliandikwi kabisa.